Haya, Dhana na Matibabu: Masala ya Mwanamke Aliyeitwa Kukatwa Kinyama cha Mlango wa Kizazi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu ndani ya tumbo la mama yake, umbo baada ya umbo, akalifanya tumbo hilo kuwa amana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: miongoni mwa masala yanayotoka kwa familia za Kiislamu zilizoko ugenini, limo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, au huulizwa na mtu mwengine kwa niaba ya mwenyewe. Nalo ni la mwanamke aliyeolewa, mwenye kuswali na kufunga, anayekaa London pamoja na mumewe na watoto wake, akaletewa barua ya kumwita hospitali. Ameelezwa ndani yake kwamba kipimo chake cha mlango wa kizazi kimeonyesha kirusi pamoja na mabadiliko katika chembe za mwili, na kwamba huenda akakatwa kinyama kidogo ili kichunguzwe. Mwanamke huyo akaikunja barua, akaiweka chini ya nguo zake kabatini. Siku ya miadi ikapita. Akaandikiwa tena, akaificha tena.

Anaogopa mambo matatu. La kwanza, kuondolewa sitara yake mbele ya mtu ajinabi. La pili, jawabu litakalotoka. Na la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, anaogopa mumewe asije akasikia kwamba kirusi hicho hupatikana kwa njia ya tendo la ndoa, akamdhania ubaya ambao hakuufanya.

Basi suala ni hili: je, haya yake inamlazimu akatae kipimo? Je, mume anayo haki ya kumdhania? Na je, hakumtoshi kumtegemea Mwenyezi Mungu na kukaa kimya?

Jawabu kwa ufupi ni kwamba kipimo hiki ni ushahidi unaotafutwa juu ya nyama ya mwili, wala si ushahidi juu ya heshima ya mtu. Anayekataa kumsikiliza shahidi kwa kuogopa hukumu, ameidhulumu nafsi yake. Na anayeuchukua ushahidi wa jambo moja akauhukumia jambo jengine, amemdhulumu mwenziwe. Maelezo yake ni haya yafuatayo.

KIPIMO CHENYEWE NI KITU GANI

Kanuni ya wanazuoni ni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hivyo haimpasi mtu kusema halali au haramu kabla hajajua kinachotendeka.

Mlango wa kizazi, ambao waitwa pia shingo ya kizazi, ni sehemu ya chini ya tumbo la uzazi inayoungana na uke. Saratani ya sehemu hiyo haizuki kwa siku moja. Hutanguliwa na mabadiliko ya chembe yanayokwenda polepole, kwa kawaida miaka mingi, na mwanamke wakati huo haoni maumivu wala dalili yoyote. Muda huo mrefu ni rehema, kwani ndani yake ubaya unaweza kuonekana na kuondolewa kabla haujawa ubaya.

Nchini Uingereza, utaratibu wa kuwaita wanawake wote kwa barua ulianza mwaka 1988. Katika Uingereza yenyewe, yaani England, wanaoitwa ni wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na hawatozwi kitu. Tangu mwaka 2019 kinachotazamwa kwanza ni kirusi cha papiloma, kwa kuwa kirusi hicho ndicho asili ya takriban saratani zote za mahali hapo. Hayo yaligunduliwa na Harald zur Hausen wa Ujerumani, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu Julai 2025, wanawake wa miaka 25 hadi 49 wasioonekana na kirusi huitwa kila baada ya miaka mitano badala ya mitatu. Pamoja na wepesi wote huo, London ndiyo sehemu ya England ambayo wanawake wake huitikia wito huu kwa uchache zaidi.

Anayeonekana na kirusi pamoja na mabadiliko ya chembe huitwa kwenye uchunguzi wa pili, nao ni kolposkopi. Mwanamke hulala juu ya kitanda maalumu chenye pahala pa kuegemeza miguu. Njia hufunguliwa kwa chombo kile kile kilichotumiwa katika kipimo cha kwanza. Kisha mchunguzi hutazama kwa kifaa chenye lenzi na taa, na kifaa hicho hukaa nje ya mwili wala hakiingizwi. Hupakwa maji yenye asidi kama ya siki, na mahali penye mabadiliko hugeuka peupe. Mchunguzi akipaona pahala pa kutilia shaka, hukata kinyama kadiri ya punje ya mchele, na huko ndiko kunakoitwa biopsi. Wanawake wengine husikia kama wamefinywa, wengine maumivu kama ya hedhi, na wengine hawasikii kitu. Jambo lote kwa kawaida halifiki nusu saa. Kinyama hupelekwa maabara, na jawabu huja kwa barua baada ya wiki kadhaa.

Na ijulikane kwamba wengi wa wanaoitwa hawana saratani. Mabadiliko yana daraja tatu: ya kwanza mara nyingi huondoka yenyewe, na mwanamke huangaliwa tu, ya pili na ya tatu huenda yakahitaji kuondolewa, na aghalabu hilo hufanywa kwa ganzi na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Wanaoonekana na saratani yenyewe siku hiyo ni wachache mno. Basi kipimo cha kwanza ni mfano wa shaka iliyomfikia kadhi, na kinyama ni mfano wa shahidi aliyeitwa ili shaka iondoke. Kuitwa shahidi si kuhukumiwa.

HAYA NA MIPAKA YAKE

Haya ni sehemu ya imani. Hilo halina mjadala. Lakini haya ya kisharia ni ile inayomzuia mtu na maasi. Ile inayomzuia kuujua ukweli wa dini yake au kuulinda uhai wake si haya. Ni udhaifu uliovaa nguo ya haya.

Dalili za hayo ni nyingi katika mwenendo wa wema waliotangulia. Wanawake wa Kiansari walisifiwa na Bibi Aisha (R.A.) kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Ummu Sulaym alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jambo la ndani kabisa la wanawake, na Mtume hakumkemea. Fatima binti Abi Hubaysh alieleza habari ya damu yake isiyokatika, akajibiwa kwamba hiyo ni ya mshipa na si hedhi, na mpaka leo umma mzima unaswali kwa faida ya suala lake. Na katika vitabu vya siyar vya Kiibadhi imepokewa kwamba Imam Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, alimwendea Bibi Aisha akamuuliza mambo ya faragha ya Mtume (S.A.W.) ambayo hapana aliyethubutu kuyauliza, hata paji la uso wake likatoka jasho kwa kuona haya, naye hata hivyo akampa ruhusa aendelee kuuliza. Jasho lile ni haya ya kweli, na jawabu lile ni elimu ya kweli. Vyote viwili vilikaa katika uso mmoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Ama kufunua uchi, asili yake ni haramu, na haja ya matibabu huuondoa uharamu huo kwa kadiri ya haja yenyewe bila ya kuzidi. Kutokana na kanuni hiyo wanazuoni wameweka taratibu: atangulizwe tabibu mwanamke Mwislamu, asipopatikana, mwanamke asiyekuwa Mwislamu, na asipopatikana mwanamke kabisa, ndipo mwanamume aliye mwaminifu, wala asikae naye faragha peke yao, na asifunue ila pahala panapohitajiwa.

Atazame aliyeko London namna mlango ulivyo mpana kwake. Anaweza kupiga simu kabla ya siku ya miadi akaomba achunguzwe na mwanamke, na hospitali nyingi huweza kumtimizia. Anaweza kuomba awepo muuguzi wa kike wakati wote, na anaweza kuja na mama, dada au rafiki yake. Anaweza kuvaa sketi pana au buibui lake, akavua nguo ya ndani tu, akafunikwa shuka. Na akisema basi, mchunguzi husita. Mwenye kuwekewa nafasi hizi zote kisha akasema kwamba dini imemzuia, amesema juu ya dini jambo ambalo dini haikulisema.

DHANA NDANI YA NYUMBA

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwani maradhi hujeruhi mwili wa mtu mmoja, na dhana hujeruhi nyumba nzima.

Ni kweli kwamba kirusi hiki hupita kwa kugusana kwa tupu. Lakini si kweli kwamba kuonekana kwake ni dalili ya zina. Watu wengi mno waliowahi kuoa au kuolewa hukipata wakati fulani wa maisha yao. Wengi wao mwili hukishinda ndani ya miaka miwili hivi bila ya wao kujua, na kwa wengine hulala kimya miaka mingi kisha kikaonekana. Hapana kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini, wala kilitoka kwa nani.

Hebu tuzitazame nyumba za watu wa pwani na wa Oman zilivyo. Mume huenda alioa kabla, mke wake wa kwanza akafariki au wakaachana, naye akaoa wa pili. Mke huenda alikuwa mjane aliyeposwa baada ya kwisha eda yake. Mume huenda ana wake wawili kwa sharia. Katika ndoa zote hizo, ambazo ni halali mbele ya Mwenyezi Mungu na mashahidi, kirusi huweza kupita kutoka kwa mmoja hadi mwengine, kwa sababu kirusi hakisomi cheti cha ndoa. Na huenda mume mwenyewe ndiye aliyekileta naye hajui, kwani wanaume hawapimwi kirusi hiki katika utaratibu wa kawaida wa hospitali. Basi mume anayeinyanyua barua na kuuliza, "Umekipata wapi?" aanze kwa kujiuliza mwenyewe.

Wafuasi wa madhehebu ya Kiibadhi wanajua ukali wa fiqhi yao katika jambo la zina, hata mwanamume aliyezini na mwanamke hahalalishiwi kumuoa baadaye. Lakini ukali huo haukuja peke yake. Umekuja pamoja na ukali ulio sawa nao katika kuthibitisha. Katika Suratun Nuur anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi kisha asilete mashahidi wanne huadhibiwa kwa mijeledi themanini na ushahidi wake hukataliwa. Na katika Suratul Hujurat waumini wamekatazwa dhana na kuchunguzana. Maana yake ni wazi: kadiri jambo linavyokuwa zito, ndivyo mlango wa kulisema unavyofanywa mwembamba. Kadhi hakubali katika jambo hili neno la shahidi mmoja mwadilifu aliyeona kwa macho yake. Itakuwaje akubali karatasi ya maabara ambayo hata madaktari walioiandika hawadai kwamba inasema hivyo?

Mume akimtuhumu mkewe kwa barua hii, amefanya makosa mawili. Amemvunjia heshima bila ya bayyina, na amemfundisha kuificha barua ijayo. Huenda barua hiyo ijayo ndiyo iliyokuwa na uhai wake.

KUMTEGEMEA MWENYEZI MUNGU

Wako wanaosema: lililoandikwa litakuwa, basi kwa nini kupima? Jawabu la hilo lilitolewa zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kwamba wanaitoka qadari ya Mwenyezi Mungu na kuiendea qadari yake nyengine, kama mchunga anayewahamisha ngamia wake kutoka bonde kavu kwenda bonde lenye majani. Maradhi ni katika qadari, na kipimo ni katika qadari, na wepesi wa kukipata ni katika qadari pia.

Na anayetaka kuipima neema hii, na autazame ulimwengu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika kuwa na saratani hii, na wapatao 350,000 walifariki kwayo. Wengi mno wa waliofariki ni wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Tanzania, ambako mababu wa familia nyingi za Kiswahili za Ghuba na za Uingereza walizaliwa, saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyengine zote. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika wakati maradhi yamekwisha kuenea. Wako miongoni mwao waliokuwa tayari kusafiri mwendo wa siku nzima lau wangejua. Naye aliyeko London barua imemfuata mpaka mlangoni pake, akaiweka chini ya nguo. Neema hii ina suala lake Siku ya Kiyama.

MAANDALIZI NA HUKUMU ZA TWAHARA

Kabla ya siku yenyewe, mwanamke asikutane na mumewe wala asitumie dawa za ukeni kwa muda wa saa 24. Ikiwa siku ya miadi imeangukia hedhi nzito, apige simu kuuliza kama itahirishwe. Awaeleze wachunguzi ikiwa ana mimba, kwani kutazamwa hakuna madhara kwa mjamzito lakini kukatwa kinyama aghalabu huahirishwa; na awaeleze ikiwa anatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Anaweza kuuliza juu ya kumeza dawa ya maumivu kabla ya kwenda. Achukue pedi, kwani baadaye hutoka damu kidogo au uchafu wa rangi ya hudhurungi kwa siku chache.

Damu hiyo ni ya jeraha wala si hedhi, maadamu haikukutana na siku zake za ada. Haimwondolei swala wala saumu. Hufuata hukumu ya mwenye istihadha: hujisafisha, hufunga pahala pake, na hutawadha kwa kila swala. Uchunguzi wenyewe haumwajibishi josho. Ikiwa siku zake za hedhi zimeingia kabla damu ya jeraha haijakatika, arejee kwenye ada yake anayoijua. Ama mumewe, ajitenge naye mpaka damu ikatike, kama madaktari wanavyoagiza. Na katika hilo maagizo ya tiba na tahadhari ya dini yameafikiana. Damu ikiwa nyingi kuliko ya hedhi, au ikiwa na harufu mbaya, au akapata homa, arudi hospitali haraka.

Ikiwa miadi imeangukia mchana wa Ramadhani, na madaktari hawaoni madhara ya kungoja, bora ahirisho, ili atoke katika khitilafu ya wanazuoni juu ya kinachoingizwa katika njia hiyo. Na ikiwa kungoja kuna madhara, aende, na kuilipa siku hiyo ni tahadhari njema.

WAJIBU WA MUME NA JAMAA

Sheria ya Uingereza inatosheka na ridhaa ya mwanamke mwenyewe, wala haimtaki mumewe atie saini. Kwa upande wa dini, mume hana haki ya kumzuia mkewe matibabu anayoyahitaji, kwani uongozi aliopewa ni wa kulinda na si wa kuangamiza. Hata hivyo lililo bora ni mke amweleze, na lililo wajibu kwa mume ni kuwa mtu anayeelezeka. Amsindikize, awaangalie watoto, asimuulize jawabu kila siku kama mdai anayedai deni, na asilitoe jambo hilo nje ya nyumba yao hata kwa mama yake mzazi, kwani siri ya maradhi ni amana.

Na asipelekwe mtoto kuwa mkalimani. Imekuwa desturi katika baadhi ya nyumba kwamba mama asiyejua Kiingereza hufuatana na mwanawe wa skuli, mtoto akalazimika kuyatamka mambo ya tupu za mama yake mbele ya daktari. Hapo mama huficha nusu ya maelezo, na mtoto hubaki na mzigo usiokuwa wake. Hospitali za serikali huleta mkalimani bila ya malipo zikiombwa mapema, naye aombwe awe mwanamke.

Basi kwa mwanamke aliyeficha barua yake, neno la mwisho ni hili. Aitoe chini ya nguo. Atawadhe, aswali rakaa mbili, amuombe Mola wake kheri, kisha aipige simu hiyo. Heshima yake haimo ndani ya bahasha ile, na hapana wa kumpa wala wa kumnyang'anya kwa punje ya nyama. Kilichomo ndani ya bahasha ni amana ya mwili wake, naye ataulizwa alivyoilinda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, azisitiri nyumba zao, na azitakase nyoyo za waume na wake kutokana na dhana mbaya. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.